Kometi ya Mwaka 1973 na Hesabu ya Mng'ao Wake

Mwezi Septemba 2024 ujumbe mmoja ulizunguka katika simu za wanakikundi wetu wa kujifunza Biblia. Ulisema kwamba nyota yenye mkia inakuja, itang'aa kuliko nyota zote, nayo ni ishara ya mwisho; asomaye na awapelekee wengine kumi. Jumatano iliyofuata mama mmoja, mjane mwenye watoto watatu shuleni, aliuliza swali ambalo hatukulitarajia. Hakuuliza kama nyota hiyo ipo. Aliuliza kama kuna haja ya kulipa ada ya Januari.

Hakuna aliyecheka. Mchungaji alimkumbusha neno la Bwana katika Mathayo 24, kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Mama akajibu kwamba hilo analijua tangu kipaimara, lakini safari hii si wahubiri peke yao wanaosema; wanasayansi nao wametangaza kwamba nyota itang'aa mno. "Je, hao wamejuaje?" akauliza. Mmoja wetu hufundisha fizikia sekondari, nasi sote tukamgeukia. Akasema apewe wiki moja. Zikawa wiki nne, maana jibu lilitupeleka nyuma hadi mwaka 1973, katika kisa ambacho tumeona kinafaa kusimuliwa katika kitabu hiki.

Kwanza maneno. Katika Kiswahili tunachanganya sana kimondo na kometi. Kimondo ni kile kinachopita angani kwa kufumba na kufumbua, na kikiwa kikubwa huanguka, kama kile cha Mbozi ambacho Watanzania wengi wamekiona au wamekisikia. Kometi, yaani nyota yenye mkia, haianguki. Hulizunguka Jua kama sayari zinavyofanya, ila njia yake ni ndefu na nyembamba, na ikitukaribia huonekana wiki kadhaa, ikihama kidogo kila usiku. Tunachanganya pia watu. Neno mnajimu tumelitumia kwa yule anayepima nyota na kwa yule anayepigia watu ramli kwa nyota. Hapa tutawaita wa kwanza wanaastronomia, ili tusiwadhulumu, ingawa kama tutakavyoona, kuna mwaka ambao makundi haya mawili yalisimama karibu mno.

Tena tutenganishe mambo mawili ambayo ujumbe ule uliyaweka pamoja, yaani njia ya kometi na mng'ao wake. Njia ni jambo la uvutano, na uvutano una kanuni moja. Isaac Newton aliionyesha mwaka 1687, akiitumia kometi kubwa ya mwaka 1680 kama mojawapo ya mifano yake. Rafiki yake Edmond Halley akachukua kometi za miaka 1531, 1607 na 1682, akaona njia zao zinafanana, na mwaka 1705 akachapisha kwamba ni kometi moja, nayo itarudi karibu na mwaka 1758. Alifariki mwaka 1742 bila kuiona. Pale Paris mwanahisabati Alexis Clairaut, akisaidiwa na Joseph Lalande na mwanamke mmoja hodari wa hesabu, Nicole-Reine Lepaute, alikaa miezi mingi akihesabu jinsi Mshtarii na Zohali zilivyoivuta na kuichelewesha. Mwezi Novemba 1758 akatangaza kwamba itapita karibu na Jua katikati ya Aprili 1759, na kwamba huenda amekosea kwa mwezi mmoja. Usiku wa Krismasi mkulima wa Saxony, Johann Georg Palitzsch, akaiona kwa darubini yake. Ilipita karibu na Jua tarehe 13 Machi. Kosa la mwezi mmoja katika safari ya miaka 76, na Clairaut alikuwa amelitaja kosa hilo mapema!

Hesabu hiyo ilikuwa ya mahali na wakati. Kuijua njia hakumwambii mtu kometi itaonekanaje ikifika.

Ili kupima mng'ao kunahitajika kipimo. Klaudio Ptolemayo wa Aleksandria, katika karne ya 2, aliandika orodha ya nyota zaidi ya 1,000 akazipanga katika madaraja sita. Za daraja la kwanza ndizo zenye nuru kubwa, za daraja la sita ndizo zinazoonekana kwa shida. Ni kama matokeo ya mtihani, namba ndogo ndiyo bora. (Paulo alikuwa amekwisha kuwaandikia Wakorintho kwamba nyota hazilingani fahari, ila yeye hakuzipa namba.) Mwaka 1856 Mwingereza Norman Pogson alipendekeza kwamba tofauti ya madaraja matano iwe sawa na mara 100 kamili za nuru, basi daraja moja likawa mara mbili na nusu hivi. Kipimo hicho ndicho kinachotumika hata leo. Chenye nuru kupita daraja la kwanza hupewa sifuri, na kikizidi hapo hupewa namba hasi: Zuhura hufika -4 na zaidi kidogo, Mwezi mpevu hukaribia -13.

Kwa nyota kipimo hiki ni chepesi, kwa sababu nyota ni nukta. Kometi ni ukungu. Utalinganishaje ukungu na nukta? Nicholas Bobrovnikoff, Mrusi aliyehamia Marekani na kufanya kazi katika kituo cha Perkins huko Ohio, alieleza njia ambayo watazamaji wanaitumia mpaka sasa: darubini huvurugwa kwa makusudi mpaka nyota nazo zigeuke ukungu wa ukubwa ule ule wa kometi, ndipo mtazamaji huuliza kipi kina nuru zaidi. Tulipenda kwamba, ili kupima sawasawa, mtu analazimika kwanza kuona vibaya.

Hiyo ni kuupima mng'ao wa leo. Kuhesabu mng'ao wa miezi sita ijayo ni kazi nyingine, na mwalimu wetu alitueleza hivi. Kuna mambo matatu. La kwanza ni umbali wa kometi kutoka kwetu, na hilo halina shida: kitu kikiwa mbali mara mbili, nuru yake hutufikia robo. La pili ni ukubwa wa kometi yenyewe, yaani ingeng'aa kiasi gani kama ingesimama umbali sawa na wa Dunia na Jua, kutoka kwetu na kutoka kwa Jua pia. Hilo hupatikana kwa kulipima leo na kurudi nyuma kwa hesabu. Jambo la tatu ndilo lenye matata, nalo ni umbali wa kometi kutoka kwa Jua.

Jiwe likisogea karibu na Jua mara mbili, litang'aa mara nne, kwa sababu linapokea nuru mara nne. Lakini kometi si jiwe. Mwaka 1950 Fred Whipple wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza kwamba kiini chake ni barafu iliyochanganyika na vumbi. Mwaka 1986 chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kilipita umbali wa kilomita 600 hivi kutoka kiini cha kometi ya Halley, kikakuta ni cheusi kama mkaa. Kinarudisha sehemu 4 tu katika kila 100 za nuru inayokipiga. Tunachokiona sisi ni gesi na vumbi vinavyotoka humo kwa joto. Ni kama uvumba juu ya kaa la moto: joto likizidi moshi unaongezeka, na moshi ukiongezeka ndipo nuru inapopata kitu cha kuangazia. Basi kometi ikisogea karibu na Jua mara mbili haing'ai mara nne. Kwa kawaida huwa mara 16, yaani ule umbali unazidishwa kwa wenyewe mara nne. Hiyo nne ni wastani uliopatikana kwa kuzipima kometi nyingi. Kometi moja moja haijaahidi kuufuata. Zipo za tatu, zipo za tano, zipo za sita.

Sasa twende Hamburg. Tarehe 7 Machi 1973 Luboš Kohoutek, mwanaastronomia kutoka Czechoslovakia aliyefanya kazi katika kituo cha Bergedorf, aliona doa hafifu katika picha alizopiga kwa darubini. Lilikuwa la daraja la 16 hivi, yaani hafifu kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho tupu huiona kwa kiasi cha mara 10,000. Njia yake ilipohesabiwa ikaonekana mambo mawili ya ajabu. Kometi ilikuwa mbali sana, karibu mara tano ya umbali wa Dunia na Jua, mahali ambapo kometi nyingi hazionekani kabisa. Na tarehe 28 Desemba ingepita karibu sana na Jua, kwa umbali wa sehemu 14 tu katika 100 za umbali wetu.

Kitu kinachoonekana kikiwa mbali hivyo, kisha kije karibu hivyo! Mwalimu wetu aliifanya hesabu ubaoni, nasi tunairudia kwa maneno. Kutoka siku ya kuonekana hadi siku ya kulipita Jua, kometi ingelikaribia Jua mara 33 hivi. Tukichukua ile nne ya wastani, tunazidisha 33 kwa 33, mara 33, mara 33: nuru yake ingeongezeka zaidi ya mara milioni moja kwa sababu ya Jua peke yake. Tukiongeza na badiliko la umbali wake kutoka kwetu, inafika daraja la -2 au -3, kama sayari kubwa. Tukichukua sita, badala ya milioni tunapata zaidi ya bilioni, na mng'ao unakaribia -10, mtu angeweza kuiona mchana kweupe. Data ni zile zile, kanuni ni ile ile. Kinachotofautiana ni namba moja iliyochaguliwa na mwenye kuhesabu, na tofauti ya majibu ni zaidi ya mara 1,000.

Makadirio yote mawili yalikuwapo mwaka ule, na mengine ya katikati. Ile -10 ndiyo iliyotoka nje ya milango ya vituo na kuingia magazetini. Hapo ikawa "kometi ya karne". Tukumbuke pia wakati wenyewe. Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, mafuta yakapanda bei duniani kote, na Marekani ilikuwa imetingwa na kashfa ya Rais wake Nixon. Watu walikuwa wakitafuta ishara. Darubini ndogo ziliuzwa kwa wingi. Meli ya Queen Elizabeth 2 iliondoka New York mwezi Desemba na abiria waliolipa nauli kwa ajili ya kuiona kometi baharini, mbali na taa za mji, mawingu yakawafunika.

Na palikuwa na David Berg. Huyu alikuwa mwanzilishi wa kundi lililojiita Watoto wa Mungu, lenye vijana wengi walioacha shule na nyumba za wazazi wao ili kumfuata. Katika barua zake kwa wafuasi alitangaza kwamba kometi hii ni ishara ya kuangamizwa kwa Marekani, na kwamba maangamizi yatakuja kabla ya mwisho wa Januari 1974. Vijana wakaingia barabarani kugawa maonyo hayo. Wengi walikuwa wamekwisha kuondoka nchini, au waliondoka wakati huo.

Tukiwa watu wa kanisa tunavutwa kumtupia Berg jiwe na kuendelea na safari. Kabla ya hapo tuulize maonyo yake yalipata wapi nguvu. Vitisho vya kometi vilikuwapo tangu zamani, na wapo Wakristo waliovipinga tangu zamani vilevile. Mwaka 1682 Mprotestanti wa Ufaransa Pierre Bayle aliandika kitabu kizima, baada ya kometi ile ile ya 1680, kueleza kwamba kometi hazitangazi misiba. Yeremia alikuwa amewaonya Israeli wasishangazwe na ishara za mbinguni kama mataifa. Lakini mwaka 1973 mhubiri hakuhitaji kuapa kwamba nyota itang'aa. Wenye darubini walikuwa wameshasema kwa ajili yake. Aliwakuta watu tayari wamesimama nje wakitazama juu, akawaambia maana ya kile watakachokiona. Na hii ndiyo sababu tunasema swali la yule mama lilikuwa zito kuliko tulivyodhani, maana aliona vizuri kuliko sisi kwamba ujumbe wa simu ulikuwa umesimama juu ya hesabu ya mtu mwingine.

Krismasi ikafika. Watu watatu walikuwa juu wakati huo katika kituo cha anga cha Skylab: Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue. Siku yenyewe ya Krismasi wawili kati yao walitoka nje ya chombo kuipiga picha kometi. Kisha Jua likaimeza katika mng'ao wake, na ilipotokea upande wa pili Gibson aliichora kwa mkono, ikiwa na mwiba wa nuru ulioelekea kwenye Jua. Waliokadiria walisema ilifika -3 hivi. Hata hivyo ilikuwa karibu mno na Jua, na kwa watu waliobaki ardhini haikuwa rahisi kuona lolote. Mwanzoni mwa Januari ilipojitenga na Jua na kuonekana jioni, ilikuwa imefifia haraka. Aliyejua mahali pa kutazama, akiwa mbali na taa, aliona mkia hafifu wa nuru. Aliyekaa mjini hakuona kitu. Januari ikaisha na Marekani ikiwa mahali pake.

Magazeti yakageuka na kucheka, na jina la Kohoutek likawa neno la dhihaka. Dhihaka hiyo haikuwa haki. Yeye aliiona kometi, basi.

Kosa lilikuwa wapi? Kometi hii ilikuwa inakuja karibu na Jua kwa mara ya kwanza. Mwaka 1950 Mholanzi Jan Oort alikuwa ameonyesha kwamba kuna kundi kubwa mno la kometi mbali kabisa na sayari, zilizotulia huko katika baridi tangu mwanzo, na kwamba mara mojamoja moja wao husukumwa ikaanza kushuka kuelekea Jua. Kometi mpya kama hiyo imefunikwa na barafu nyepesi ambazo hugeuka gesi kwa joto dogo tu. Kwa hiyo huanza kutoa moshi ikiwa bado mbali sana, na anayeitazama hudhani ni kubwa mno. Tabaka hilo likiisha, haina tena cha kuongeza kwa kasi ile. Wapishi wetu wanalijua jambo hili. Kuni zilizonyunyiziwa mafuta ya taa hulipuka mara moja. Anayekisia ukubwa wa moto kwa mlipuko ule atatia maji mengi sufuriani kisha asubiri sana.

Linalotusikitisha zaidi ni hili. Mwaka 1951 Oort na mwenzake Maarten Schmidt walichapisha makala yenye maneno hayo hayo: kometi mpya zikilikaribia Jua huongeza mng'ao wake polepole kuliko zile za zamani. Onyo lilikuwa limekaa maktabani miaka 22 kabla ya Kohoutek. Na njia ya kometi ilipohesabiwa vizuri, ilijulikana kwamba ni mpya. Walikuwapo wenye kulikumbuka hilo, wakasema polepole. Lakini kwa kila mkono ambao habari ilipitia, neno "huenda" lilidondoka. Mwenye kuhesabu alisema: ikiwa namba ni sita, itafika -10. Mwandishi akasema: wataalamu wanasema huenda itafika -10. Kichwa cha habari kikasema: inakuja. Berg akasema: inakuja na hukumu. Hatujui ni nani katika mnyororo huo aliyesema uongo mtupu, ukimtoa wa mwisho. Na hata yeye huenda aliamini.

Hapa tuseme na nafsi zetu. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inatoa kipimo cha nabii, kwamba neno asemalo lisipotokea, hakulipata kwa Bwana. Tumelitumia neno hilo kwa wengine kwa ukali. Lakini ni mara ngapi katika mahubiri yetu wenyewe "huenda" imedondoka? Mtu anasimulia kwamba ndugu yake aliombewa akapata nafuu. Wiki ya pili amepona. Wiki ya tatu kapona kabisa na madaktari wameshangaa. Nia ni njema kila hatua. Mwalimu wetu alilisema hili bila kumtazama yeyote usoni, lakini ukumbi ulikaa kimya kidogo, na mzee mmoja wa kanisa akaguna.

Wanaastronomia, kwa upande wao, walifanya jambo ambalo Berg hakulifanya. Alipoona tarehe imepita, yeye aliendelea na barua nyingine. Wao walirudi kwenye daftari. Kohoutek ikawa, wakati wake, mojawapo ya kometi zilizochunguzwa kwa vyombo vingi kuliko zote zilizotangulia. Kwa mawimbi ya redio walikuta ndani yake gesi ambazo hazikuwahi kuonekana katika kometi, na katika nuru yake walitambua alama ya maji yaliyopigwa na miale ya Jua, jambo lililotia nguvu maelezo ya Whipple kwamba kiini ni barafu. Nao wakajifunza kutokutaja -10.

Walijifunza hata wakazidi. Mwaka 1975 Richard West, Mdenishi aliyefanya kazi katika taasisi ya Ulaya yenye darubini huko Chile, aligundua kometi nyingine katika picha. Safari hii makadirio yalikuwa ya kiasi, na magazeti yaliyokuwa yameungua mwaka 1974 hayakutaka tena habari za nyota. Kometi ya West ililipita Jua tarehe 25 Februari 1976. Ikafika -3, kama ile iliyotangulia, lakini kiini chake kilipasuka vipande vinne, vumbi likamwagika, na mwanzoni mwa Machi ikasimama alfajiri upande wa mashariki ikiwa na mkia mpana kama mkono uliofunguliwa. Ilikuwa mojawapo ya kometi nzuri kuliko zote za karne ile. Watu wengi mno waliipitisha wakiwa usingizini kwa sababu hawakuambiwa. Kwetu sisi hasara hii ni kubwa kuliko ile ya 1974. Aliyeahidiwa mno akadanganyika anaweza kukasirika na kusahau, lakini aliyeikosa West hakujua hata kwamba amekosa.

Yaliyofuata tutayapitia upesi. Hale-Bopp iligunduliwa Julai 1995 ikiwa mbali hata kuliko Kohoutek ilivyokuwa. Wataalamu walisitasita, nayo ikatimiza yote, ikaonekana kwa jicho tupu miezi 18. Lakini Machi 1997 watu 39 wa kundi la Heaven's Gate walijiua California wakiamini kwamba nyuma yake kuna chombo kinachokuja kuwachukua. Mng'ao ulihesabiwa vizuri safari hiyo, na bado watu walikufa. Mwaka 2013 kometi ISON ilisifiwa kama Kohoutek, ikasambaratika siku ile ile ya kulipita Jua, tarehe 28 Novemba.

Na ile ya ujumbe wetu wa simu? Jina lake ni Tsuchinshan-ATLAS, kwa kuwa ilionekana kwanza China Januari 2023 na mwezi uliofuata kwa darubini ya Sutherland, Afrika Kusini. Nayo ilikuwa mpya, kutoka kule kwa Oort. Wapo waliosema mapema kwamba itakuwa ya karne. Julai 2024 Zdenek Sekanina, mmoja wa wachunguzi wa kometi wenye uzoefu mkubwa kabisa duniani, aliandika kwamba imeanza kuvunjika na haitafika. Ilifika. Tarehe 27 Septemba ililipita Jua salama, na Oktoba 9, ilipokuwa karibu kupita kati yetu na Jua, vumbi lake likiangazwa kutoka nyuma, ilikaribia -5. Basi aliyekisia kidogo alikosea kama walivyokosea wale wa 1973 waliokisia mno. Ila Sekanina alikuwa ameandika sababu zake moja baada ya nyingine, kila mtu azione na kuzipima, na sasa wengine wanaweza kutafuta ni ipi iliyokuwa na kasoro.

Tulimwambia mama haya yote Jumatano ya nne. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alikuwa ameshalipa nusu ya ada wiki mbili kabla. Mwalimu wa darasa la mtoto wake alimpigia simu, asingeweza kungoja kikao chetu.

Tarehe 15 Oktoba, baada ya maombi ya jioni, tulitoka uwanjani. Mwezi ulikuwa karibu kujaa na uliharibu giza, lakini Zuhura ilikuwa chini magharibi, juu kidogo upande wa kushoto ile nyota nyekundu ya Nge, na kulia kwa Zuhura, pale mwalimu alipoonyesha, palikuwa na msitari mwembamba wa nuru uliosimama wima. Watoto waliuona kabla ya wakubwa. Mwalimu alitaka tuupime kama Bobrovnikoff, na kwa kuwa hatukuwa na darubini, aliwaambia wenye miwani waivue. Wakaivua, wazee saba wamesimama uwanjani na miwani mkononi, wakilinganisha ukungu wa kometi na ukungu wa nyota nyekundu, ambayo ni ya daraja la kwanza. Mzee aliyeguna alisema ni sawasawa, moja. Mchungaji alisema mbili. Mama alisema anaiona, lakini namba hana. Yote yaliandikwa katika daftari la mwalimu, na mbele ya kila jibu akaandika jina la aliyelitoa na hali ya anga: mwezi mkali, mawingu machache upande wa kusini.